Tofauti, Lakini Kuanzia Wapi?



Nianze na kisa cha ofisini kwetu. Ilikuwa Ijumaa mchana. Baadhi ya wenzangu walikuwa wameshaondoka kwenda kuswali, nami nimebaki kukagua kazi ya kijana mmoja ambaye hakuwa na muda mrefu kazini. Alipewa jambo dogo: kurekebisha namna mfumo wetu unavyopokea namba za simu, ili anayeanza na sifuri saba na anayeanza na 255 wote wahesabiwe sawasawa. Kazi yenyewe aliianza Jumatatu, akaimaliza Jumanne, katika tawi lake mwenyewe. Nikaiagiza kompyuta inionyeshe tofauti iliyopo kati ya tawi lake na tawi kuu.

Ikaja orodha ndefu, nyekundu tupu. Nyekundu kwetu maana yake ni kufutwa. Ukurasa wa kuchapa risiti, ambao dada mmoja aliukeshea Jumatano hadi usiku wa manane, haumo. Marekebisho ya nywila yaliyoingizwa Alhamisi, hayamo. Mamia ya mistari ya kazi za watu, yote imekwenda na maji.

Nikamwita, na sauti yangu haikuwa ya upole. Nikamwuliza kwa nini amefuta kazi za wenzake. Akasimama kando ya meza, akatazama kioo cha kompyuta kwa muda, kisha akanijibu: "Dada, mimi huko sijagusa."

Na kweli hakugusa. Hakufuta hata herufi moja ya mtu. Kompyuta nayo haikusema uongo. Ilijibu sawasawa na nilivyoiuliza. Swali ndilo lililokosewa, na kwa swali hilo nilimhukumu mtu asiye na hatia huku wenzake wanasikia. Nilimwomba radhi siku ileile, lakini jambo lenyewe limenikaa rohoni, ndiyo sababu nimeomba dakika hizi nizungumze nanyi habari ya kulinganisha.

Najua wengi mnaonisikiliza hamwandiki programu za kompyuta. Lakini umeme mnaonunua kwa simu, matokeo ya mitihani yanayosubiriwa na watoto, tiketi ya basi la mikoani, vyote hivyo nyuma yake kuna maandishi tunayoyaita msimbo. Ni maagizo yaliyopangwa mstari kwa mstari, na huandikwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Watu hao wakishika faili moja wote kwa pamoja watakanyagana. Kwa hiyo kila mmoja hujitenga na tawi lake, akafanya kazi kwa utulivu, kisha tawi hilo likarudi kuunganishwa na tawi kuu. Kabla ya kuunganisha, lazima mtu mwingine atazame: huyu amebadilisha nini? Hapo ndipo penye kazi.

Tuiache kompyuta kidogo. Chukueni chama cha kufa na kuzikana cha mtaani kwenu. Katiba yake imechapwa, kurasa tatu hivi. Mwaka jana katibu alichukua nakala moja, mweka hazina akachukua nyingine, kila mmoja akaenda nayo nyumbani. Leo mmekutana, nakala zote mbili ziko juu ya mkeka. Ya katibu inasema mchango wa mwezi ni shilingi 2,000. Ya mweka hazina inasema 5,000. Nani amebadilisha?

Kwa nakala hizo mbili peke yake, hakuna anayeweza kujibu. Mtakesha. Watu watatazamana, na kwa kawaida atakayeshukiwa ni yule ambaye walikuwa hawampendi tangu zamani.

Sasa mzee mmoja, mwanachama wa tangu mwanzo, anainuka, anaingia chumbani, anatoka na bahasha ya kaki. Ndani yake mna ile katiba ya kwanza ambayo nakala zote mbili zilitolewa kwayo. Mnafungua, mnakuta 2,000. Basi mambo yamekwisha: katibu hakugusa kitu, mweka hazina ndiye aliyepandisha, na huenda alipandisha kwa idhini ya kikao. Mkikuta 5,000, hukumu inageuka: katibu ndiye aliyeshusha. Na mkikuta 3,000? Hapo wote wawili wamebadilisha, kila mmoja kwa upande wake, na hakuna karatasi itakayowaamulia. Itabidi wanachama wakae wazungumze. Nakala ni zilezile mbili, tarakimu ni zilezile, lakini hukumu zimekuwa tatu, kwa sababu ya karatasi iliyokuwa ndani ya bahasha.

Mashine ikiunganisha matawi mawili ya msimbo hufanya kazi ya mzee yule. Hutafuta hali ya mwisho ambayo matawi yote mawili yalikuwa nayo kabla hayajaachana. Mimi napenda kuiita njia panda. Mstari uliobadilika upande mmoja tu tangu njia panda, mashine huupokea bila kuuliza mtu. Mstari uliobadilika pande zote mbili kwa namna mbalimbali, mashine husimama. Huweka alama ndani ya faili, mishale saba inayoelekea kushoto, chini yake alama saba za kulingana, chini zaidi mishale saba inayoelekea kulia, na katikati ya alama hizo huandika maneno ya kila upande, ili binadamu aje achague mwenyewe.

Wanaohariri tenzi za kale walilijua jambo hili kabla yetu. Al-Inkishafi imetufikia kwa nakala za mkono zaidi ya moja, nazo hazikubaliani kila mahali. Mhariri akikuta neno hili huku na jingine kule, hana ruhusa ya kumtuhumu mnakili yeyote mpaka ajiulize nakala hizo zilinakiliwa kutoka wapi.

Nirudi kwenye ile Ijumaa. Tawi la kijana liliachana na tawi kuu Jumatatu asubuhi. Tangu siku hiyo tawi kuu halikusimama: ukurasa wa risiti uliingia, marekebisho ya nywila yakaingia, na mengine madogomadogo. Mimi nililinganisha ncha kwa ncha, yaani tawi kuu lilivyo Ijumaa na tawi lake lilivyo. Kwa mlinganisho wa namna hiyo, kila kilichoongezwa kwenye tawi kuu baada ya Jumatatu, ambacho yeye hana, huonekana kana kwamba amekifuta. Hakukifuta. Hajapata kuwa nacho.

Programu tunayoitumia inaitwa Git, nayo hutenganisha maswali haya mawili kwa nukta. Ukiandika jina la tawi kuu, nukta mbili, kisha jina la tawi la mtu, unaonyeshwa tofauti ya ncha kwa ncha. Ukiandika nukta tatu, mashine hurudi kwanza hadi njia panda, halafu inakuonyesha alichofanya mwenye tawi tangu hapo. Ni nukta moja tu ya ziada. Nilipoiongeza, wekundu wote ulitoweka ikabaki mistari 14, yote ya namba za simu.

Mtandao wa GitHub, ambako watu wengi hukagulia kazi, huonyesha maombi ya kuunganisha kwa mtindo wa nukta tatu. Kwa hiyo aliyezoea kukagua huko tu anaweza kukaa miaka bila kujua kwamba maswali ni mawili. Siku atakapolinganisha mwenyewe kwa amri, akasahau nukta, yatamkuta yaliyonikuta.

Msidhani nukta mbili ni kosa. Usiku tunapotaka kupandisha toleo jipya kwenye seva inayohudumia wateja, tofauti ya ncha kwa ncha ndiyo tunayoitaka. Tunataka kujua kesho asubuhi mteja atakuta nini ambacho leo hakipo, na atakosa nini ambacho leo anacho. Hapo hatuulizi nani alibadilisha. Lakini unapomkagua mtu, unapotaka kusema fulani amefanya hivi, ncha kwa ncha itakudanganya kila siku ambayo tawi kuu limesonga mbele.

Kuna na mtego mwingine. Nukta hizohizo, katika amri ya kuorodhesha kumbukumbu, yaani hatua za kazi zilizohifadhiwa, zina maana nyingine kabisa. Huko nukta mbili hukupa kumbukumbu zilizomo katika tawi la pili na hazimo katika la kwanza. Nukta tatu hukupa zile zilizo upande mmoja tu, uwe huu au ule. Aliyeizoea amri moja akadhani ameijua na ya pili ataumia. Huu ni udhaifu wa Git, na sioni sababu ya kuutetea.

Mtu anaweza kuuliza: mashine inaijuaje njia panda? Wengi hudhani tawi ni nakala ya kazi nzima iliyowekwa pembeni. Sivyo. Katika Git tawi ni jina tu, na jina hilo linaelekeza kwenye kumbukumbu moja kwa alama yake ya utambulisho, mfuatano wa tarakimu na herufi 40. Kumbukumbu hiyo imebeba alama ya mzazi wake, mzazi amebeba ya babu, hivyohivyo hadi siku mradi ulipoanza. Kumbukumbu iliyotokana na kuunganisha matawi ina wazazi wawili au zaidi. Kwa hiyo mashine haikisii. Inapanda nasaba ya kila upande mpaka zikutane.

Jambo hili kwetu leo ni la kawaida, lakini halikuwapo sikuzote. Mfumo wa Subversion, ulioanza mwaka 2000 na kutumika sana, haukuwa ukikumbuka tawi gani limeshaunganishwa na lipi hadi toleo la 1.5 la mwaka 2008. Kabla ya hapo, mwenye kuunganisha aliandika mwenyewe katika maelezo ya kazi kwamba mara ya mwisho nilifika hapa. Akisahau kuandika, anayemfuata ataunganisha mambo yaleyale mara ya pili.

Ufundi wenyewe wa kutafuta tofauti kati ya maandishi mawili ni mkongwe kuliko mifumo hii tunayoitumia. Hatua yake kubwa ilifanyika maabara za Bell, Murray Hill, New Jersey. Douglas McIlroy aliandika programu iitwayo diff, ikatoka pamoja na toleo la 5 la mfumo wa Unix mwaka 1974. Mwaka 1976 yeye na James Hunt wa Chuo Kikuu cha Stanford wakachapisha ripoti inayoeleza inavyofanya kazi. Wazo lake linaweza kufuatwa hata na mtu aliye jikoni anatusikiliza huku anamenya viazi, kwa hiyo nitalieleza.

Chukua orodha ya vituo vya mabasi ya mwendokasi. Ya kwanza: Kimara, Ubungo, Manzese, Magomeni, Kivukoni. Ya pili: Kimara, Ubungo, Magomeni, Fire, Kivukoni. Mashine inajiuliza: ni vituo vipi vimo katika orodha zote mbili, kwa mpangilio uleule, na vingi iwezekanavyo? Inapata vinne: Kimara, Ubungo, Magomeni, Kivukoni. Hivyo inaviacha. Kilichobaki katika orodha ya kwanza, yaani Manzese, inakiandikia alama ya kutoa. Kilichobaki katika ya pili, yaani Fire, inakiandikia alama ya kujumlisha. Basi. Mwaka 1986 Eugene Myers alichapisha njia ya haraka zaidi ya kufanya hivyo, na njia yake ndiyo Git inayoitumia mpaka leo kama hukuiagiza vinginevyo.

Zingatieni kitu kimoja hapo. Mashine haijui neno "kubadilisha". Inajua kutoa na kujumlisha tu. Ukirekebisha mkato mmoja katika mstari, itakwambia mstari mzima umetolewa na mwingine mzima umejumlishwa. Ukihamisha kazi kutoka juu ya faili kwenda chini, itakwambia imefutwa juu ikazaliwa upya chini. Ukibadilisha jina la faili, Git haiandiki popote kwamba jina limebadilika. Inakisia kwa kufananisha, na faili zikifanana kwa asilimia 50 au zaidi inasema huyu ndiye yule. Kwa hiyo ukurasa wa tofauti si hadithi ya alichofanya mwenzako. Ni hesabu ya mashine. Hadithi lazima uitoe wewe msomaji humo ndani, na ndiyo maana nasema kusoma tofauti ni kazi kamili, si ya kupitisha macho wakati chai inapoa.

Nitawapa mfano mmoja ambao kila nikiusimulia moyo hunidunda.

Mwaka 2003 msimbo wa Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi za dunia, ulikuwa ukitunzwa kwa programu iitwayo BitKeeper. Wapo waliokuwa hawataki kutumia programu hiyo, wakawekewa nakala pembeni katika mfumo wa zamani wa CVS, ikawa inasasishwa kutoka kwenye ile ya asili. Mwezi wa Novemba mtu akapenya hadi kwenye nakala hiyo ya pembeni, akapachika mistari miwili.

Ukiisoma haraka, mistari hiyo ni ukaguzi wa kawaida. Ni kama inasema: ikiwa anayeita huduma hii ametumia vigezo fulani viwili kwa pamoja, na ikiwa namba yake ya utambulisho ni sifuri, mrudishie kosa. Katika mfumo huo namba sifuri ni ya mkuu, mwenye funguo zote za nyumba. Sasa sikilizeni vizuri. Katika lugha ya C, alama mbili za kulingana zinauliza: je, ni sawa? Alama moja haiulizi. Inaamuru: ifanye iwe. Pale penye namba ya utambulisho paliwekwa alama moja. Yaani mtu yeyote anayejua vigezo vile angeita huduma hiyo, na mashine, badala ya kumwuliza kama yeye ni mkuu, ingemfanya mkuu. Na kwa kuwa kilichowekwa ni sifuri, sharti lisingetimia, kosa lisingerudishwa, hakuna kengele ambayo ingelia.

Kilichoinasa hila hiyo ni ulinganishi. Nakala ya pembeni ilipolinganishwa na ya asili, ilikutwa ina badiliko ambalo kwenye asili halina mzazi wala idhini. Tarehe 5 Novemba Larry McVoy, mkuu wa kampuni iliyotengeneza BitKeeper, akawatangazia wenzake. Msimbo wa asili haukuwa umeguswa, na mistari ile haikuingia katika toleo lolote rasmi. Aliyeipachika hajatajwa hadharani hadi leo.

Ingekuwa nakala ni moja tu, hakuna cha kuilinganisha nayo, nani angeona? Aprili 2005, ruhusa ya kutumia BitKeeper bure ilipoondolewa, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alianza kuandika Git, na humo kila kumbukumbu hupewa alama inayotokana na yaliyomo ndani yake. Ukibadilisha herufi moja, alama inabadilika, na ya kila kinachofuata baada yake inabadilika pia.

Lakini mashine ina mpaka wake. Februari 2014 kampuni ya Apple ilitoa marekebisho ya haraka kwa simu zake. Katika sehemu inayohakiki kama tovuti unayozungumza nayo ndiyo kweli ile inayojidai kuwa, mstari mmoja unaosema "nenda kwenye kushindwa" ulikuwa umeandikwa mara mbili, mmoja chini ya mwingine. Wa kwanza ulikuwa na sharti. Wa pili haukuwa nalo, kwa hiyo ulitekelezwa kila mara, na ukaguzi wa saini uliofuata baada yake haukufikiwa kamwe. Katika ukurasa wa tofauti, mstari kama huo huwa ni alama moja ya kujumlisha, na maneno yake ni yaleyale ya mstari wa juu yake. Jicho linateleza. Mashine hutimiza wajibu wake kwa kuuonyesha. Kuuelewa ni wajibu wa mtu.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo vijana wetu wanapoumia zaidi. Wanasikia mashine imesema matawi yameungana bila mgongano, wanapumua, wanafunga kompyuta. Nami maneno hayo yananitia wasiwasi kuliko mgongano wenyewe. Mgongano angalau unakuita.

Tulikuwa tunatengeneza mfumo wa ankara za maji. Kulikuwa na hesabu moja iliyopokea matumizi ya mteja kwa lita, ikarudisha deni lake. Mwenzetu mmoja, katika tawi lake, aliibadilisha ipokee matumizi kwa uniti, kama ankara zinavyoandikwa, uniti moja kuwa lita 1,000. Alifanya vizuri sana: alipita kila mahali hesabu hiyo ilipoitwa, akarekebisha. Wakati huohuo mwingine, katika tawi lake, aliandika ukurasa mpya wa wateja wanaodaiwa muda mrefu, na humo akaiita hesabu ileile kwa lita, kama alivyoikuta. Naye alifanya vizuri. Faili zao zilikuwa mbili tofauti, mistari yao haikugusana hata mmoja. Mashine ikaunganisha bila neno.

Tulipojaribu kwa takwimu za mfano, mteja wa uniti 12 alidaiwa kama ametumia uniti 12,000. Mungu alisaidia, ilikuwa majaribio. Lakini fikirini mama wa nyumba ya kupanga anapokea ujumbe wa deni la namna hiyo saa mbili usiku, wakati ofisi zimefungwa. Tawi la kwanza lilikuwa sahihi, la pili lilikuwa sahihi, muungano wao ulikuwa batili, na hakuna ukurasa wa tofauti ambao ungeonyesha hilo kwa rangi. Angeliona mtu mmoja tu: yule ambaye angesoma tofauti za matawi yote mawili tangu njia panda, akaziweka kichwani pamoja, akajiuliza huyu anategemea nini ambacho yule amekigeuza.

Kwa hiyo kabla ya kuunganisha mimi husoma mara mbili. Kwanza nasoma tawi la mtu tangu njia panda, nijue alichokusudia. Kisha nasoma tawi kuu tangu njia panda ileile, nijue yaliyotokea huku wakati yeye yuko kule. Hii ya pili watu wengi hawaifanyi. Wanasema ni kupoteza muda. Mimi nasema lile kosa la ankara lingeonekana hapo.

Nawaomba pia msiwatupie wenzenu mzigo usiosomeka. Kuna watu wanafungua faili kwa kihariri kinachobadilisha nafasi zote za mwanzo wa mistari, halafu wanarekebisha neno moja. Ukurasa unaonyesha mistari 2,000 imebadilika, na lile neno moja limezikwa katikati. Ipo amri ya kuiambia Git isijali nafasi, nami huitumia, ila si kwa lugha ya Python, maana huko nafasi za mwanzo wa mstari ndizo zinazosema agizo hili ni la sharti lipi; ukizificha umeficha maana. Dawa ni kutenganisha: kupanga nafasi iwe kumbukumbu yake, kurekebisha kosa iwe kumbukumbu yake. Mtu akiniletea vyote vimechanganyika, namrudishia kwa heshima avitenganishe. Wapo wanaonuna. Sijapata kujuta kwa kumrudishia mtu, ila nimejuta mara nyingi kwa kuipitisha kazi ambayo sikuimaliza kuisoma.

Na tawi lisikae mbali na wenzake muda mrefu. Tawi la siku mbili unalisoma ukaliweka lote kichwani. Tawi la miezi mitatu, hata kwa nukta tatu, ni msitu, na anayesema amelikagua lote mchana mmoja simwamini.

Walimu wa vyuo mnaofundisha kompyuta, ombi langu ni kwenu. Mnawafundisha vijana kuandika msimbo na mnawapa alama kwa walichoandika. Wapeni pia matawi mawili ya kazi ambayo hawakuiandika wao, muwaambie waeleze kwa sentensi zao, kwa Kiswahili: yaliachana wapi, kila upande umebadilisha nini, na yakiunganishwa kitaharibika nini. Somo la namna hiyo halihitaji maabara mpya. Linahitaji kompyuta moja na mwalimu mwenye subira. Nanyi viongozi wa timu, mkiona wekundu mwingi kwenye kazi ya mtu, hesabuni nukta kwanza kabla hamjamwita.